Ng'ombe Hutangulia Kuonya: Elimu ya Sumu za Mifugo Mkoani Simiyu

Kati ya Januari na Aprili, mashamba ya pamba ya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega huwa katika kipindi cha kupuliziwa dawa. Ni kipindi hichohicho ambacho majani yamestawi, madimbwi yamejaa, na ng'ombe huchungwa kandokando ya mashamba hayo. Baba hubeba bomba la kupulizia mgongoni, mama huchota maji ya kuchanganyia dawa, na mtoto huswaga mifugo hatua chache kutoka hapo. Jioni wote hurudi katika mji mmoja, hunywa maji ya chanzo kimoja, na aghalabu ndoo iliyotumika shambani ndiyo itakayotumika kumnyweshea ndama.

Katika mazingira ya namna hiyo, sumu haitambui mpaka kati ya zizi na nyumba. Anayetangulia kuathirika mara nyingi ni mnyama, kwa kuwa yeye hula bila kuchagua, hulamba asichokijua, na hunywa maji yaliyo karibu. Makala haya yanaeleza namna elimu ya sumu za mifugo inavyofundishwa na kutumika, jinsi mnyama aliyekula sumu anavyotibiwa, na kwa nini muuguzi wa zahanati na tabibu wa hospitali wanapaswa kuijua elimu hiyo. Hoja yetu ni moja: kila ng'ombe aliyepatwa na sumu ni taarifa ya kitabibu kuhusu familia inayomfuga.

Mkoa wa pamba na ng'ombe

Simiyu ulianzishwa kuwa mkoa mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Ni mkoa unaoongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na pia ni nchi ya wafugaji. Kwa Wasukuma walio wengi mkoani humo, ng'ombe ni akiba, mahari, jembe la kulimia na heshima ya ukoo. Ukoo unaojua thamani hiyo hutenga ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lifae wakati wa kiangazi. Upande wa mashariki mkoa unapakana na hifadhi za wanyamapori za ukanda wa Serengeti, na upande wa kaskazini-magharibi Wilaya ya Busega inagusa Ziwa Viktoria.

Pamba hushambuliwa na wadudu wengi, na hivyo huhitaji viuatilifu. Ng'ombe hushambuliwa na kupe waenezao ndigana kali na magonjwa mengine, na hivyo huhitaji kuogeshwa. Kwa sababu hizo mbili, kaya moja ya Simiyu inaweza kuwa na chupa mbili za sumu chini ya kitanda kimoja: moja ya shambani na nyingine ya joshoni. Wakati mwingine zote hutoka katika familia moja ya kemikali. Baadhi ya viuatilifu na baadhi ya dawa za kuogeshea ni jamii ya oganofosfeti. Nyingine ni pareto bandia, na nyingine ni amitrazi. Wilayani Meatu, mradi wa pamba hai ulioanza mwaka 1994 umewafundisha wakulima kulima bila viuatilifu vya viwandani. Katika sehemu kubwa ya mkoa, hata hivyo, bomba la kupulizia bado ni chombo cha kila msimu.

Somo lenyewe na historia yake

Toksikolojia, yaani elimu ya sumu, ni sehemu ya masomo ya udaktari wa mifugo. Hapa nchini shahada hiyo ilianza kufundishwa Morogoro mwaka 1976, wakati kampasi ile ikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kuundwa mwaka 1984. Mwanafunzi hujifunza sumu inavyoingia mwilini, inavyosambaa, inavyogeuzwa na ini na inavyotolewa na figo. Hujifunza pia kwa nini kiasi kilekile humwua mnyama mmoja na kumwacha mwingine. Paka huathirika vibaya kwa pareto bandia ambayo mbwa huistahimili. Punda na farasi hupooza matumbo kwa amitrazi ambayo ng'ombe huogeshewa kila wiki. Kwa hiyo punda hapitishwi katika josho la dawa hiyo. Samaki hufa kwa kiasi kidogo mno cha pareto bandia, ndiyo maana kuosha bomba mtoni ni kosa hata kama hakuna ng'ombe anayekunywa hapo.

Somo hili limeipa tiba ya binadamu zawadi kubwa. Katika miaka ya 1920, ng'ombe wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walitokwa damu hadi kufa baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Uchunguzi wa vifo hivyo ulizaa ugunduzi wa kemikali ya dikumaroli, na kutokana nayo ikatengenezwa warfarini. Hiyo ilianza kuwa sumu ya panya, kisha ikawa dawa ambayo leo madaktari huwaandikia wagonjwa wenye damu inayoganda isivyotakiwa. Mwaka 1960, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa sababu ya chakula kilichotengenezwa kwa karanga zenye ukungu. Kwa vifo hivyo dunia ikaifahamu sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa yetu ya Dodoma na Manyara. Huko Minamata, Japani, paka waliyumba na kuanguka miaka michache kabla ya mwaka 1956, ulipotambuliwa rasmi ugonjwa wa zebaki kwa wavuvi na watoto wao. Paka na wavuvi walikuwa wakila samaki walewale.

Asubuhi moja katika mji wa mfugaji

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufundishia, lakini kila ofisa mifugo wa Kanda ya Ziwa atautambua.

Ni Februari. Mzee mmoja wa kijiji kilichoko kati ya Bariadi na Itilima anapiga simu alfajiri. Maksai wake wawili wamelala chini, mate yanawamwagika kama povu la sabuni, na mtamba mmoja anatetemeka misuli ya mabega. Ofisa mifugo anafika kwa pikipiki.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Angalia, jana jioni walikuwa wazima. Nadhani wamerogwa, au nyoka."

"Pole sana baba. Jana walikunywa maji wapi?"

"Hapo kwenye karai. Kijana aliosha bomba, nadhani maji yalibaki."

Ofisa anaangalia macho ya wanyama: mboni zimesinyaa na kuwa kama tundu la sindano. Anasikiliza kifua: kimejaa majimaji. Wanaharisha, wanakojoa mara kwa mara, machozi yanawatoka, na joto la mwili si la homa. Anaitambua sumu ya oganofosfeti. Kabla hajafungua mkoba wake, anauliza swali la pili.

"Na kijana aliyeosha bomba yuko wapi?"

"Amelala ndani. Tangu usiku anatapika na kusema kichwa kinamuuma. Tumedhani ni malaria."

Swali hilo la pili ndilo linaloweza kuokoa maisha ya kijana. Ofisa ambaye angetibu maksai na kuondoka angekuwa ameifanya kazi yake nusu. Vivyo hivyo, tabibu ambaye angempokea kijana huyo zahanati, akampima malaria na kumrudisha nyumbani bila kuuliza habari za zizi, angekuwa ameipuuza nusu ya historia ya mgonjwa wake.

Sumu inavyofanya kazi na inavyotibiwa

Oganofosfeti na kabameti hukifunga kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kuvunja asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe kutoka neva hadi kwenye misuli na tezi. Kimeng'enya kikifungwa, ujumbe haukomi: tezi humwaga mate, machozi na ute wa mapafu bila kikomo, utumbo hujikunja, misuli hutetemeka hadi ichoke, na hatimaye pumzi hukatika. Utaratibu huo ni uleule kwa ng'ombe, mbwa na binadamu. Tofauti ni ukubwa wa mwili na wa tumbo.

Hatua ya kwanza ya tiba ni kuikatiza sumu isiendelee kuingia. Mnyama aliyemwagikiwa huoshwa kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha avae glavu na mavazi ya kujikinga, kwa sababu sumu hii hupita kwenye ngozi. Aliyeinywa hupewa mkaa amilifu, gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, ukiwa umekorogwa kwa maji na kupitishwa kwa mpira hadi tumboni. Mkaa wa jikoni uliosagwa si mkaa amilifu na hauwezi kuchukua nafasi yake. Mnyama anayeshindwa kumeza asinyweshwe chochote kwa chupa, kwani kitaingia mapafuni. Kumnywesha maziwa au mafuta hakuui sumu. Sumu nyingi za jamii hii huyeyuka katika mafuta, na mafuta hayo huweza kurahisisha kufyonzwa kwake.

Hatua ya pili ni atropini. Kiwango kinachofundishwa kwa ng'ombe huanzia miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito. Robo ya dozi hiyo hutolewa polepole kwenye mshipa, na iliyobaki chini ya ngozi. Daktari hafuatilii upana wa mboni pekee. Hufuatilia kukauka kwa mate na kusafika kwa kifua, kisha hurudia dozi inapohitajika. Atropini ikizidi, tumbo la ng'ombe husimama na kujaa gesi. Pralidoksimu huweza kukifungua kimeng'enya kilichofungwa na oganofosfeti ikiwa itawahi kutolewa, lakini upatikanaji wake vijijini ni mgumu.

Hapa pana hesabu ambayo kila mganga mfawidhi angepaswa kuifanya. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 240 anahitaji, kwa dozi ya kwanza tu, miligramu 60 za atropini. Ikiwa atropini iliyopo ni ampuli za miligramu moja, hizo ni ampuli 60 kwa mnyama mmoja. Mtu mzima aliyepatwa na sumu hiyohiyo huanzishiwa miligramu 1 hadi 3, na dozi huongezwa maradufu kila baada ya dakika 5 hadi kifua kisafike na mapigo ya moyo pamoja na shinikizo la damu viimarike. Kwa mtoto, dozi huhesabiwa kwa uzito wake. Ni wazi basi kwamba mfugaji akikimbilia zahanati kuomba dawa ya maksai wake, kumpa ni kulimaliza sanduku zima ambalo saa moja baadaye litahitajika kwa mwanawe.

Jibu la tatizo hili haliwezi kuwa kumfukuza mfugaji. Maksai wawili ni jembe la familia, na kufa kwao wakati wa kilimo ni njaa ya mwaka unaofuata. Jibu ni halmashauri kuhakikisha kwamba ofisa mifugo anayo atropini yake, ya chupa zenye ujazo na ukali unaofaa wanyama wakubwa, kabla ya msimu wa kupulizia kuanza. Akiba ya binadamu ibaki kwa binadamu, na akiba ya mifugo iwepo kweli, isiwe jina katika orodha.

Si kila anayetokwa mate amekula sumu

Mwanafunzi wa toksikolojia hufundishwa kwanza kuwa na shaka. Mnyama anayetokwa mate na kushindwa kumeza anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Anayemtia mkono kinywani akitafuta mfupa uliokwama hujitia hatarini. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikimtoka puani na sehemu ya haja kubwa anaweza kuwa na kimeta. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi hata kidogo, bali hutolewa taarifa. Ndigana kali inayofika ubongoni humfanya ng'ombe azunguke na kuanguka kama aliyelewa.

Sumu hushukiwa zaidi pale wanyama wengi wanapougua kwa wakati mmoja, bila homa, baada ya kula au kunywa mahali pamoja, na hasa wale walio na afya na hamu kubwa ya kula. Daktari huuliza: malisho yamebadilika lini? Nani amepulizia karibu? Wameogeshwa lini, na aliyepima dawa ya josho ni nani? Kuna gunia la mbolea lililopasuka, au betri kuukuu iliyotupwa? Ng'ombe hupenda kulamba betri kwa ladha yake ya chumvi, na risasi iliyomo humtia upofu na kumfanya asage meno.

Amitrazi inastahili kutajwa kwa ajili ya wasomaji wetu wa hospitali. Mtu aliyekunywa dawa ya kuogeshea ya aina hii huletwa akiwa amesinzia sana, mapigo ya moyo yakiwa ya taratibu, sukari ya damu ikiwa imepanda, na mboni zikiwa ndogo au pana. Ni rahisi kudhani kuwa ni oganofosfeti. Lakini mate na ute wa kifua havijai, na kummiminia atropini nyingi hakutamsaidia. Anahitaji uangalizi wa njia ya hewa, pumzi na mzunguko wa damu hadi dawa itoke mwilini. Chupa iliyoletwa pamoja na mgonjwa ina thamani kama kipimo cha maabara. Ndugu waambiwe waje nayo.

Sumu zisizotoka dukani

Zipo pia sumu zinazoota zenyewe. Mtama mchanga unaochipua baada ya ukame, au unaochipua upya baada ya kukatwa, huwa na viini vya sianidi. Ng'ombe mwenye njaa akivamia shamba hilo, huanza kuhema kwa nguvu, utando wa kinywa chake huwa mwekundu mno, na huweza kufa ndani ya saa moja. Damu yake ina hewa ya oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia. Daktari aliye karibu hutoa nitriti ya sodiamu na thiosulfeti ya sodiamu kwenye mshipa. Binadamu huijua sianidi hiyohiyo kupitia muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo: katika ukame wa mwaka 1985, watu wa Tarime, katika mkoa jirani wa Mara, walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo.

Pamba yenyewe ina sumu yake, iitwayo gosipoli, inayopatikana katika mbegu. Mashudu ya pamba ni chakula kizuri cha kunenepesha ng'ombe wakubwa, kwa kuwa tumbo lao lina uwezo wa kuidhibiti gosipoli kwa kiasi kikubwa. Ndama, nguruwe na kuku hawana uwezo huo. Baada ya wiki kadhaa za kulishwa mashudu mengi, moyo wa nguruwe hudhoofika, hupumua kwa shida, kisha hufa ghafla. Mfugaji hudhani ni kichomi. Haina dawa ya kuiondoa, na tiba ni kuacha chakula hicho mara moja. Mafuta ya pamba ya kupikia ni lazima yasafishwe kiwandani kwa sababu hiyohiyo.

Mbolea ya urea nayo ni hatari. Ng'ombe akiilamba kwa wingi, tumbo hujaa amonia na dalili za kutetemeka na kuvimba tumbo huanza ndani ya saa moja. Tiba yake ni ya kushangaza kwa wepesi: lita 20 hadi 40 za maji baridi, pamoja na lita kadhaa za siki, zikipitishwa kwa mpira hadi tumboni ili kuituliza amonia hiyo.

Baada ya kifo: nyama, mzoga na sampuli

Mnyama akifa, vishawishi viwili humjia mwenye mji. Cha kwanza ni nyama. Dini na desturi za wengi zinakataza kula kibudu, lakini njaa na hasara huweza kumfanya mtu achinje haraka mnyama anayekata roho na kuiuza nyama. Kupika hakuondoi sumu za namna hii kwa uhakika. Hata mnyama aliyepona si salama papo hapo: maziwa na nyama yake visitumiwe hadi muda uliotajwa na daktari wa mifugo uishe. Hili ni muhimu zaidi kwa mtoto, ambaye maziwa ndiyo chakula chake kikuu.

Kishawishi cha pili ni kuutupa mzoga porini. Katika wilaya zinazopakana na hifadhi, mbwa, fisi na tai wataufuata. Kuna hata wanaoutia sumu mzoga kwa makusudi ili kulipiza kisasi kwa simba au fisi aliyeua mifugo. Kiuatilifu cha kabofurani kimetumiwa hivyo katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Mzoga mmoja huweza kuangamiza tai wengi kwa siku moja, na tai wakipungua mizoga hukaa muda mrefu bila kusafishwa. Mzoga wenye sumu ufukiwe kwenye shimo refu mbali na maji, au uteketezwe.

Kabla ya kufukia, na baada ya kimeta kuondolewa shaka, sampuli zichukuliwe. Yaliyomo tumboni, vipande vya ini, figo na ubongo, damu isiyoganda, pamoja na malisho na maji yanayoshukiwa, kila kimoja kiwekwe katika chombo chake safi, kiandikwe na kugandishwa. Sampuli ya kemikali haitiwi formalini. Hiyo ni kwa kipande kingine kitakachochunguzwa kwa hadubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali zote zina ofisi Mwanza, kwa hiyo sampuli ya Bariadi haina haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam ndipo ipokelewe. Maelezo ya tukio yaambatane nayo, kwani maabara haiwezi kutafuta kila sumu iliyopo duniani. Hutafuta ile iliyoelekezwa na mchunguzi makini.

Kinga inayowezekana nyumbani

Yafuatayo hayahitaji bajeti kubwa, bali mazoea:

Viuatilifu na dawa za josho vifungiwe mahali pa juu, mbali na chakula na chumba cha kulala. Chupa tupu isitumiwe kamwe kubebea maji, maziwa, mafuta ya taa wala pombe; isuuzwe mara tatu, itobolewe, na maji ya kusuuzia yapuliziwe shambani.

Dawa ya pamba isitumike kuua kupe wa ng'ombe, viroboto wa mbwa, wala chawa wa mtoto. Ukali wake haukupimwa kwa ajili ya ngozi.

Bomba lioshwe shambani, si mtoni, lamboni wala kwenye karai la mifugo. Anayepulizia avae mavazi ya kumkinga, aoge na kubadili nguo kabla ya kula au kukamua. Watoto na wajawazito wasishirikishwe kazi hiyo.

Siku ya kuogesha, mifugo inyweshwe maji kwanza ili isinywe dawa ya josho, na isiingizwe ikiwa imechoka au wakati wa jua kali. Dawa ya josho ipimwe na mtu aliyefunzwa, ikorogwe vizuri, na ng'ombe wachache wa mwanzo, waliotumika kuikoroga, warudishwe kuogeshwa tena. Punda wabaki nje ya josho la amitrazi.

Mashamba ya mtama mchanga yazungushiwe ulinzi, hasa mvua zinaporudi baada ya kiangazi kirefu.

Maswali mawili

Tanzania imekubali dhana ya Afya Moja, inayounganisha afya ya binadamu, wanyama na mazingira, na dawati lake liko katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Wengi huihusisha dhana hiyo na kichaa cha mbwa au kimeta. Sumu nayo ina nafasi yake humo, na katika kijiji cha Simiyu dhana hiyo huanza na maswali mawili yasiyogharimu shilingi moja.

Mhudumu wa afya anayempokea mgonjwa anayetapika, anayetokwa jasho na mate, au aliyepoteza fahamu bila homa katika msimu wa pamba, aulize: "Nyumbani kuna mnyama aliyeugua au kufa siku hizi?" Ofisa mifugo anayeitwa zizini aulize: "Nani amepulizia, nani amekamua, na nani amekula?" Majibu yakiwa ni ndiyo, simu moja kati ya zahanati na ofisi ya mifugo ipigwe siku hiyohiyo. Nawe msomaji uliye mgonjwa au ndugu wa mgonjwa, usisubiri kuulizwa. Ukifika hospitali, taja ng'ombe aliyeanguka, kuku waliokufa, mbwa aliyetapika, na uje na chupa.

Turudi kwa yule kijana wa mfano wetu. Maksai mmoja alisimama baada ya dozi ya tatu. Wa pili hakuamka. Kijana alipakiwa kwenye pikipiki ya ofisa mifugo akiwa amevuliwa nguo zenye dawa na kuoshwa kwa sabuni, chupa ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alipofika zahanati, mhudumu alisoma jina la dawa kabla hajachukua kipimo cha malaria. Mzee alipoteza jembe moja, na hasara hiyo si ndogo. Lakini ng'ombe wake alikuwa amekwisha kutoa habari, na safari hiyo kulikuwa na mtu wa kuisikia.